MAKAA AU SI MAKAA? Ya Torbanehill na Mikataba Tunayosaini Tumefumba Macho



Kila ikizuka mada ya madini huwa tunagawanyika kambi mbili, na kila kambi inakuja na wimbo wake wa siku zote. Kambi ya kwanza inasema: "Wazungu wametuibia, wanatuibia, na wataendelea kutuibia kwa sababu sisi ni Waafrika." Kambi ya pili, ambayo kwa kawaida ni ya wale wenye shahada mbili na tai, inajibu: "Mkataba ni mkataba. Ulisaini mwenyewe, sasa unalia nini?" Baada ya hapo tunatukanana siku tatu, mtu mmoja anasusa, na mada inafungwa.

Leo nataka kuzigombeza kambi zote mbili kwa mpigo mmoja, na nitafanya hivyo kwa kutumia jiwe. Si dhahabu, si tanzanaiti, wala si almasi ya Mwadui. Ni jiwe la kahawia iliyokolea, halina mng'aro, wala usingeliokota njiani. Linaitwa TORBANAITI. Naomba mnivumilie, maana nitaanzia mbali kidogo kabla ya kufika nyumbani.

KWA NINI NALIJUA JIWE HILI

Mimi nabeba maboksi huku Scotland, katika bonde lililo kati ya Edinburgh na Glasgow. Kila asubuhi basi linapita karibu na vilima vyekundu visivyofanana na vilima vya Mungu. Ni vikubwa, vimesimama peke yake katikati ya mashamba, na vitano kati yake vilivyo jirani na mji wa West Calder vimesimama pamoja kama vidole vya mkono, watu wanaviita Dada Watano. Mwaka wa kwanza nilidhani ni milima. Baadaye nikaambiwa kuwa ni takataka. Ni mabaki ya mawe yaliyochomwa ili yatoe mafuta, kwa zaidi ya miaka mia moja, mpaka kazi hiyo ilipofungwa mwaka 1962. Mwaka 1913 pekee walichimba zaidi ya tani milioni tatu za mawe hayo.

Nikauliza ilianzaje, nikaonyeshwa upande wa Bathgate, kwenye shamba moja liitwalo Torbanehill. Huko ndiko jiwe lilikopata jina lake, na ndiko kesi ninayotaka kuwasimulia ilikoanzia.

JIWE LENYEWE

Makaa ya mawe ya kawaida, kama yale ya Kiwira au Mchuchuma, ni miti. Misitu ya kale ilianguka kwenye vinamasi, ikafunikwa na matope, ikakandamizwa mamilioni ya miaka, ikageuka jiwe jeusi linalowaka. Hilo wengi tulisoma shuleni.

Torbanaiti si miti. Katika vinamasi hivyo hivyo kulikuwa na mabwawa ya maji yaliyotulia, yasiyofikiwa na magogo wala mchanga wa mito. Juu ya maji hayo kuliota mwani mdogo sana, ule ukungu wa kijani unaouona juu ya dimbwi. Mwani huo una tabia ya ajabu, kwani hutengeneza mafuta na kuyahifadhi katika mwili wake. Ulipokufa ulizama ukarundikana chini ya bwawa, mahali pasipo na hewa ya kuuozesha. Hapo Scotland jambo hilo lilitokea zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita. Mwani wenyewe haujaisha duniani. Wataalamu wanauita Botryococcus, uko hai mpaka leo kwenye maziwa ya maji baridi, na mabaki yake yamepatikana hata kwenye matope ya Ziwa Takatifu, pale Mlima Kenya. Kule Msumbiji, wakati wa Mreno, paliokotwa kitu laini kama mpira kilichotokana na mwani, na mwaka 1907 wataalamu wa mimea wa Kew, London, wakakiandikia maelezo pamoja na kile cha Coorong, Australia. Hicho ni kama torbanaiti changa ambayo haijawa jiwe.

Kwa hiyo torbanaiti ina haidrojeni nyingi kuliko makaa ya kawaida, ni nyepesi mkononi, haichafui vidole, na ukiikwaruza inaacha alama ya kahawia badala ya nyeusi. Ukichukua kipande chembamba ukakigusisha kiberiti, kinashika moto kama mshumaa na kutoa moshi. Tani moja ya jiwe la Torbanehill, ikipashwa moto polepole ndani ya chombo kilichofungwa, ilitoa galoni zipatazo 120 za mafuta ghafi. Hizo ni zaidi ya lita 500 kutoka tani moja ya mawe!

Kuna jambo moja la kijiolojia naomba mlishike, maana hoja yangu yote imesimama juu yake. Torbanaiti haikai kama sakafu iliyotandazwa sawasawa. Inakaa kama sahani iliyofunikwa, ikiwa nene katikati na nyembamba pembeni, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa umbo la bwawa. Ukitembea nayo kuelekea ukingoni inachanganyika kidogo kidogo na chembe za mimea na matope, mpaka unajikuta umesimama juu ya makaa ya kawaida au udongo mgumu. Hakuna mstari unaosema hapa mwani umeishia na hapa mti umeanzia. MAUMBILE HAYANA MPAKA. Mpaka unawekwa na binadamu, kwa kalamu, kwenye karatasi, na mwenye kushika kalamu hiyo huwa haulizwi.

Jiwe hili halipo Scotland tu. Lilichimbwa New South Wales, Australia, sehemu kama Joadja na Glen Davis, na kuanzia miaka ya 1930 lilichimbwa Ermelo, Afrika Kusini. Lakini Torbanehill ndipo lilipopelekwa mahakamani.

MWENYE SHAMBA NA MPANGAJI

Mwaka 1850 Bwana na Bibi Gillespie, wenye shamba la Torbanehill, walilikodisha kwa kampuni ya Russel na Mwanawe, wachimbaji makaa. Mkataba uliorodhesha vitu vinavyoruhusiwa kuchimbwa: makaa ya mawe, mawe ya chuma, chokaa na udongo wa kutengenezea matofali ya tanuri. Ukasema waziwazi kuwa shaba haimo, wala madini mengine yoyote yasiyotajwa hayamo. Mwenye shamba atalipwa mrabaha kwa kila tani. Mnaona? Ni mkataba uliokaa vizuri, una orodha na una makatazo. Wengi wetu tungeusaini tukijiona wajanja.

Mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, mkemia mmoja wa Glasgow aitwaye James Young alipata hataza ya kutengeneza mafuta kutokana na makaa. Baba wa watu alikuwa amehangaika na makaa ya aina nyingi mpaka alipoletewa kipande cha jiwe kutoka maeneo ya Bathgate. Mwaka 1851 kiwanda chake kilikuwa kinafanya kazi, miaka minane kabla ya Drake kuchimba kisima chake maarufu kule Pennsylvania. Viwanda vya gesi ya taa navyo vikaligombania jiwe hilo hilo, maana gesi yake iliwaka kwa mwanga mkali sana.

Gillespie akaamka. Kumbe kilichokuwa kinatoka shambani kwake kwa mrabaha wa makaa hakikuwa makaa ya kupikia chai, bali kitu ambacho miji mizima ilikuwa inakililia. Akaenda mahakamani kudai fidia ya pauni 10,000, pesa nyingi sana kwa wakati ule. Hoja yake ilikuwa fupi: hili jiwe SI MAKAA. Halimo kwenye orodha. Kwa hiyo mnachimba mali yangu bila ruhusa.

SIKU SITA ZA HADUBINI

Kesi ilisikilizwa Edinburgh kuanzia tarehe 29 Julai hadi 4 Agosti 1853. Kila upande ulileta wanasayansi wake, na hawakuwa wanasayansi wa vichochoroni. Walikuwa maprofesa, wakemia, wajiolojia, na watu waliokuwa wanatumia hadubini, chombo ambacho wakati huo kilikuwa kitu kipya katika kuchunguza mawe. Walikata jiwe vipande vyembamba mpaka mwanga ukapenya, wakachungulia. Ndani waliona chembe za manjano, zimejaa tele. Mtaalamu mkubwa wa hadubini kutoka London, John Quekett, akasema hili si makaa. Wengine, wenye vyeo sawa na vyake, wakasema ni makaa bila shaka. Wakachungulia jiwe lile lile, wakaapa kiapo kile kile, wakatoka na majibu mawili.

Ndugu zangu, katika kesi ile wataalamu hawakukosekana. Walikuwepo wengi kuliko viti. Ila waliitwa BAADA ya kusaini, na kila mmoja aliitwa na aliyemlipa nauli. Mwisho wa yote juri ya raia wa kawaida haikutakiwa kuamua mwani ni nini. Ilitakiwa kuamua kama jiwe lile lilikuwa makaa kwa maana ya mkataba ule. Wakaamua kuwa ni makaa, na Gillespie akashindwa.

Wala msidhani hilo lilikuwa jambo la Scotland peke yake. Wakati huo huo, ng'ambo ya bahari, New Brunswick huko Kanada, Abraham Gesner, aliyebuni neno "kerosini", naye alikuwa anagombana mahakamani juu ya jiwe jingine la mafuta lililoitwa albertaiti. Yeye alisema ni lami, mpinzani wake mwenye kibali cha makaa akasema ni makaa. Juri ikasema makaa. Gesner akatoka mikono mitupu. Leo wajiolojia hawaliiti makaa jiwe lile, wanasema ni lami ngumu. Haikumsaidia. Usahihi uliokuja baadaye haukulipa mrabaha wa nyuma.

KESI YA PILI, AMBAYO NDIYO YENYEWE

Watu wengi wanaosimulia habari ya Torbanehill huishia hapo, wakicheka maprofesa. Mimi nawaomba twende hatua moja zaidi, maana dawa iko huku.

Gillespie hakukata tamaa. Alirudi tena akitaka mkataba wenyewe ufutwe. Safari hii hakubishana juu ya jina. Alidai kwamba wapangaji walikuwa wameshajua jiwe lina thamani gani kabla ya kusaini, na yeye hakujua, nao wakanyamaza. Mwaka 1856 mahakama ikamjibu kwa lugha ya sheria, ambayo mimi naitafsiri kwa lugha ya kijiweni: KUNYAMAZA SI WIZI. Anayekuja kukodi ardhi yako hana wajibu wa kukufundisha kilichomo. Kama hukupima, ni juu yako. Mpaka leo wanasheria wa Scotland wanaitaja kesi hiyo wanapofundisha kuwa mnunuzi halazimiki kumwambia muuzaji anachokijua.

Sisi tuna msemo wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Huyu bwana alifanya kioja zaidi: aliuza gunia lake mwenyewe kwa bei ya mbuzi, bila kufungua, na ndani mlikuwa na ng'ombe wa maziwa.

Sasa kambi ya kwanza, nyie wa "wazungu wametuibia", naomba mnisikilize. Gillespie alikuwa mzungu. Alikuwa na ardhi yake, na alikuwa msomi aliyeandika vitabu vya falsafa kuthibitisha kuwako kwa Mungu. Aliishi kilomita kama 30 tu kutoka mahakama kuu ya nchi yake, alizungumza lugha ya mkataba, alikuwa na mawakili na maprofesa. NA BADO ALILIWA. Hakuliwa kwa sababu ya rangi yake. Aliliwa kwa sababu upande mmoja wa meza ulikuwa na kipimo na upande wa pili ulikuwa na neno. Ukiendelea kusema kila kitu ni rangi, utamfukuza mzungu, utamleta Mchina au Mhindi au mwenzetu wa hapo hapo mjini, na utaliwa vile vile.

Na nyie wa tai, wa "mkataba ni mkataba", hebu niambieni: ikiwa sheria inamruhusu anayejua anyamaze, basi kumwambia asiyejua "ulisaini mwenyewe" ni haki au ni kumcheka kipofu aliyejikwaa? Mkataba una heshima pale watu wawili wanapokuwa wanazungumzia kitu kimoja. Pale Torbanehill mmoja alikuwa anauza makaa ya jikoni na mwingine alikuwa ananunua mwanga wa miji.

SUSI, CHUMA NA MAFUTA YA TAA

Mtauliza, haya yote yanatuhusu nini sisi wa Tabora na Malindi na Bukavu? Yanatuhusu kuliko mnavyodhani.

Kwanza, kibatari. Mafuta ya taa ambayo wengi wetu tuliyasomea, ule moshi uliotutia weusi puani mpaka asubuhi, ukoo wake unapita Bathgate. Young aliyaita mafuta ya parafini, akawauzia watu mwanga wa bei nafuu, akatajirika mpaka akapewa jina la utani la "Parafini" Young. Jiwe la Torbanehill lenyewe halikudumu, kwani lilikuwa tabaka jembamba la bwawa dogo, na katika miaka ya 1860 lilikwisha. Yeye akahamia kwenye mawe mengine ya mafuta, mabovu zaidi lakini mengi zaidi, ndiyo yaliyoacha vilima vyekundu ninavyoviona kwenye basi.

Pili, pesa yake ilifika kwetu. Young alikuwa rafiki wa David Livingstone tangu ujana wao pale Glasgow, na alimsaidia kwa fedha katika safari zake za Afrika. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kiko Zambia, ni Susi na Chuma na wenzao waliobeba mwili wake kwa miguu mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Pale pwani walilipwa ujira wao wakaambiwa kazi imekwisha, na meli ikaondoka na mwili bila wao. Aliyelipa nauli yao kwenda Uingereza baadaye mwaka huo alikuwa James Young. Walipofika mazishi ya Westminster yalikuwa yameshapita. Wakakaa na Horace Waller wakimsaidia kuzisoma na kuzieleza shajara za mwisho za marehemu, maana wao ndio waliokuwepo. Kitabu kilipotoka, jina la Livingstone liko juu, la Waller liko kama mhariri, na Susi na Chuma wametajwa kama "watumishi waaminifu".

Simlaumu Young kwa hilo, alikuwa mtu mwema kuliko wengi wa zama zake. Naonyesha tu kwamba jambo ni lile lile. Chimba jiwe, liite makaa. Chukua elimu ya mtu aliyevuka nusu ya bara, iite utumishi. Mwenye kutoa jina ndiye anayepanga malipo.

TURUDI NYUMBANI

Sasa tuje kwa makinikia, maana najua mmeshaanza kuyafikiria. Machi 2017 Rais Magufuli alizuia mchanga wa madini kusafirishwa nje. Mei mwaka huo kamati ya Profesa Mruma ikatoa taarifa juu ya makontena 277, Juni ikafuata ya Profesa Osoro. Serikali ikasema ndani mna dhahabu na madini mengine mengi kuliko yaliyotangazwa, kampuni ikakanusha vikali. Ikaletwa hesabu ya kodi ya dola bilioni 190, dunia ikashangaa. Mwisho wake mwaka 2019 na 2020 ukawa mezani: kampuni ya ubia ya Twiga, serikali na hisa asilimia 16, na ahadi ya dola milioni 300.

Wengine mlishangilia, wengine mlikejeli. Mimi siingii humo. Nauliza swali moja tu: ugomvi wote ule ulikuwa juu ya nini? Ulikuwa juu ya KILICHOMO NDANI YA KONTENA. Mchanga wenyewe ulikuwa umesafirishwa miaka na miaka, na ndipo tunaanza kubishana una nini! Hiyo ni Torbanehill tupu, tofauti ni kwamba tulikuwa na makontena badala ya mikokoteni.

Na usifikiri mambo ya majina yamekwisha. Tanzania makaa yako chini ya Sheria ya Madini ya 2010, na mrabaha unapangwa kwa aina ya madini. Mafuta na gesi viko chini ya Sheria ya Petroli ya 2015, yenye mikataba ya kugawana uzalishaji. Hizo ni pochi mbili tofauti kabisa. Mtu anayetaka kulipa kidogo ana kila sababu ya kutaka jiwe lake liitwe lile jina la bei ndogo. Nani wetu anakaa mezani akiwa na kipimo chake mwenyewe?

Mafuta ya Ziwa Albert nayo, yaliyogunduliwa Uganda mwaka 2006, ni ndugu wa jiwe letu la leo. Asili yake ni matope ya ziwa la kale yaliyojaa mwani, ila hayo yalipikwa na joto la ardhini lenyewe badala ya tanuri la Young. Ndiyo maana yana nta nyingi na huganda, na ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka Chongoleani, Tanga, limebuniwa lipashwe joto njia nzima. Ukijua asili ya kitu unajua gharama yake, na ukijua gharama yake huwezi kudanganywa kirahisi kwenye makato ya gharama. Elimu ya mwani si anasa ya maprofesa, ni pesa.

BARUA YA MJOMBA

Nisiwafiche, sikuanza kuandika haya kwa kupenda historia. Miezi michache iliyopita nilimpigia simu mjomba wangu kule kwetu kusini. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za magoti yake, akaniambia wamekuja vijana na gari zuri, wametoboa mashimo matatu karibu na shamba la ukoo, wamechukua mawe kwenye masanduku, wameondoka. Wiki mbili baadaye wakarudi na karatasi ya kuridhia, ya Kiingereza, kurasa tisa.

"Wamesema wanatafuta nini, mjomba?"

"Wamesema makaa tu, mpwa wangu. Makaa tu."

Lile neno "tu" lilinikosesha usingizi. Najua sheria, madini ni ya taifa wala si ya mjomba wangu, na vijana wale inawezekana kabisa ni watu waaminifu na jiwe lile ni makaa tu kweli. Lakini wao wana masanduku ya mawe na majibu ya maabara. Mjomba ana neno moja alilosemewa kwa mdomo, na kutokana na neno hilo anatakiwa akadirie thamani ya ardhi, ya maji, na ya makaburi ya wazazi wake. Nikamuuliza kama waliacha hata kipande kimoja cha yale mawe. Akacheka. Akasema kwani mawe ni ya kuachiwa mtu?

NINACHODAI

Nimeshachoka na makala za kulia, kwa hiyo naweka madai yangu mezani, mnishambulie.

La kwanza. Kila sampuli inayotolewa ardhini igawanywe mbili, nusu ichukuliwe, nusu ifungwe kwa lakiri na kubaki wilayani, na majibu ya vipimo yasomwe kabla ya mtu yeyote kuombwa saini. Tuna taasisi ya jiolojia pale Dodoma, tuna vyuo vikuu. Gharama ya kupima jiwe ni ndogo kuliko posho ya kikao kimoja cha kujadili tulivyoibiwa.

La pili. Mikataba iache kutaja jina peke yake. Iseme jiwe lina nini: kaboni kiasi gani, haidrojeni kiasi gani, likipashwa moto linatoa mafuta lita ngapi kwa tani. Na kiwepo kifungu kinachosema kikipatikana kitu kisichofanana na vipimo hivyo, tunarudi mezani. Gillespie alikuwa na orodha ya majina na akaliwa. Angekuwa na orodha ya vipimo, juri isingekuwa na cha kuamua.

La tatu. Lugha. Tanzania ina sheria ya uwazi katika madini, mafuta na gesi ya mwaka 2015 inayotaka mikataba iwekwe wazi. Kenya, Ibara ya 71 ya Katiba ya 2010 inataka mikataba ya maliasili ipitishwe na Bunge. Vizuri sana. Lakini uwazi wa kurasa mia mbili za Kiingereza ni uwazi kwa nani? Mkataba usomwe kwa Kiswahili kwenye mkutano wa kijiji, na tafsiri hiyo iwe na nguvu ya kisheria.

Najua majibu yenu. Mtasema hayo yatawafukuza wawekezaji. Mwekezaji anayekimbia kwa sababu umeomba kuona jiwe lako mwenyewe alikuwa anakuja kuwekeza nini? Mtasema nyie wa ughaibuni mnapiga kelele mkiwa mbali, rudini nyumbani. Sawa, tusi limepokelewa. Lakini humu ndani kuna Waswahili wenzetu wanaofanya kazi kwenye maabara za Aberdeen na Houston na Muscat, wanapima mawe ya watu wengine kila siku ya Mungu. Hao nawaomba jambo dogo: andikeni kwa Kiswahili, kurasa mbili tu, namna ya kusoma majibu ya maabara ya makaa. Mjomba wangu anajua kusoma. Hajawahi kuandikiwa, ndilo tatizo lake.

Mpaka naandika haya ile karatasi ya kurasa tisa iko chini ya godoro lake, haina saini. Amewatumia ujumbe wale vijana kwamba atasaini siku watakapomletea jiwe lake na cheti chake. Jirani zake wanne wameshasaini, na wanamwona mkorofi anayewachelewesha malipo. Kila tukiongea ananiuliza kama nina uhakika na ushauri wangu, na kila mara namjibu kwa habari za mzee mmoja wa Torbanehill aliyesaini kwanza akapima baadaye.

Naomba kutoa hoja.